Watoto wa Kivuli: Uchambuzi wa Maua ya Mwitu ya Milima ya Tao la Mashariki

Msafiri atokaye Muheza kupanda Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, huianza safari yake katika joto la minazi na michungwa, na kabla hajachoka sana hujikuta chini ya miti ambayo vilele vyake havionekani, mahali ambapo jua la adhuhuri hupenya kwa vitone tu, kama linavyopenya paa la makuti makuukuu, na mawe ya kandokando ya vijito hayakauki hata wakati wa kiangazi. Aghalabu macho yake huelekea juu, kwa kuwa ukubwa wa miti una haiba na humvuta mtu pasi na hiari yake. Lakini lau atainamisha kichwa na kuutazama mwamba ulio usawa wa magoti, ataona majani ya mviringo yenye manyoya laini kama mahameli, yamejibana katika ufa wenye udongo usiojaza ukufi, na katikati ya majani hayo ua la rangi ya urujuani, lenye vifuko viwili vya manjano moyoni mwake.

Ua hilo, ambalo wataalamu wa mimea walilipa jina la Saintpaulia, nami katika makala haya nitaliita urujuani wa Usambara, hupandwa leo katika vyungu vidogo kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, na wapenzi wake wa Marekani waliunda chama chao tangu mwaka 1946. Hata hivyo kwao kwa asili ni Tanzania na Kenya peke yake, na hapa kwao ni wachache walijuao. Jambo hili linazaa maswali ambayo si ya ua moja tu, bali ni ya maua yote ya mwitu yakaayo chini ya misitu ya milima yetu: ni nini kilichoyazaa hapa na si kwingineko, yalifikaje kujulikana ulimwenguni, nini kinachoyaangamiza, na ulinzi wake ni wajibu wa nani?

Ili kulifahamu ua, sharti kwanza tuufahamu mlima. Kuna safu ya milima iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia vilima vya Taita katika Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho, Uluguru na Mahenge, hata ikakoma Udzungwa, kusini ya Tanzania. Milima hii si ya volkano kama Kilimanjaro na Meru, ambayo mbele yake ni mitoto michanga. Mawe yake ni ya kale mno, na inakadiriwa kwamba iliinuliwa kiasi cha miaka milioni 30 iliyopita. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi, zikiwa zimesheheni unyevu, hugonga mbavu za milima hii, hupanda, hupoa, zikageuka mawingu, ukungu na mvua. Na kwa kuwa bahari haikuacha kuipelekea milima hii unyevu wake hata katika zile enzi za baridi kuu, ambapo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu yake ikasinyaa, misitu hii ilidumu, na ndani yake wakadumu viumbe ambao ndugu zao wa kwingine walikwisha kutoweka.

Kudumu ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kutengana. Anayeitazama milima hii kwa mbali huona vilele vilivyozungukwa na nyika kavu, na mmea uliozoea ukungu hauwezi kuivuka nyika hiyo, kama vile mtu asiye na chombo asivyoweza kuivuka bahari. Wasambaa wa zamani waliligundua jambo hili kabla ya elimu ya vitabu, walipoigawa nchi yao sehemu mbili, Shambaai ya juu yenye ubaridi na rutuba, na nyika ya chini yenye joto na ukame, wakazihesabu kuwa nchi mbili zisizochanganyika. Basi kila mlima umekuwa kisiwa, na yaliyotokea ni yale yale yaliyotokea katika visiwa na miji ya pwani yetu kwa upande wa lugha: Mswahili wa Lamu, wa Mombasa na wa Unguja walitoka katika chimbuko moja, lakini kadiri kila mmoja alivyokaa mahali pake, maneno yake yalipata ladha yake. Urujuani wa Uluguru haufanani kabisa na urujuani wa Nguru, na ule wa kilima cha Mbololo katika Taita una sura yake. Na hata katika Usambara yenyewe, ule wa Shume na ule wa Magunga hutofautiana kwa manyoya ya majani na umbo la mmea. Wala si urujuani wote ulio juu kileleni, kwa kuwa uko ulioteremka hata miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na mwingine upo bara ya Kilifi, kila palipo na jiwe, unyevu na kivuli.

Mfano huu wa lugha unatusaidia kuufahamu ubishi wa wataalamu, ambao msomaji wa kawaida huenda akauona ni upuuzi wa majina. Katikati ya karne iliyopita B. L. Burtt, mtaalamu wa bustani ya mimea ya Edinburgh, aliichambua jamii hii kwa bidii kubwa, na kwa kazi yake na ya wenzake orodha ikafikia aina 20 hivi. Mwaka 2006 uchambuzi mwingine ukasema kwamba nyingi katika hizo si aina mbalimbali bali ni sura mbalimbali za aina moja, ukazipunguza zikawa 6. Kisha mwaka 2015, baada ya nasaba za mimea hii kupimwa kwa njia za maabara, ilibainika kwamba jamii nzima ya Saintpaulia ni tawi tu la jamii kubwa zaidi, Streptocarpus, ikaingizwa humo. Ni ubishi ule ule wa kuuliza kama Kiamu na Kimvita ni lugha mbili au lahaja mbili. Na jawabu lolote litakalotolewa, msomi wa lugha anajua kwamba lahaja ikifa hairudi kwa sababu tu iliitwa lahaja. Vivyo hivyo urujuani wa kilima kimoja ukitoweka, kilichotoweka ni kazi ya maelfu ya miaka, hata kama kitabu kitasema kwamba aina yake ingali hai mlima wa pili.

Maisha ya kivulini yana sheria zake, na maua haya yamezitii kwa hekima ya kustaajabisha. Urujuani hauna asali ya kumkaribisha mgeni. Kile unachotoa ni chavua, nacho kimefungiwa ndani ya vile vifuko viwili vya manjano, ambavyo havipasuki ovyo bali vina tundu dogo. Nyuki wa mwitu anayeijua siri hiyo huja akalishika ua kwa miguu, kisha akatetemesha mwili wake kwa mvumo mkali, na kwa mtetemo huo chavua humwagika juu yake kama unga utokao katika chekecheke. Fauka ya hayo, shingo ya ua ipokeayo chavua huinama upande mmoja, katika ua hili kuume na katika ua lile kushoto, hata chavua iliyomgusa nyuki ubavu mmoja katika ua la kwanza hupokewa barabara na ua lililoinamia upande wa pili. Mpango huo hausimami bila nyuki, na nyuki hasimami bila mahali pa kuzaa na mimea mingine ya kumlisha wakati urujuani haujachanua.

Okidi za misitu hii nazo zina mkataba wao. Nyingi hukaa juu ya matawi, na watu wengine hudhani kwamba huifyonza miti, ilhali hazichukui kwake ila mahali pa kusimama, na maji yake huyapata katika mvua na ukungu. Mbegu za okidi ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa kuzilisha. Ziko zile zenye maua meupe ambayo mchana hayana neno la kumwambia mpita njia, lakini usiku hutoa harufu nzuri na kumwita nondo mwenye ulimi mrefu, ambaye peke yake aweza kuifikia asali iliyo mwisho wa mrija mwembamba wa ua. Chini yake, katika majimaji ya vijito, hustawi jamii ya Impatiens, yenye shina la kuvunjika kwa urahisi na tunda ambalo likikomaa hupasuka kwa kuguswa tu, likarusha mbegu mbali na mama yao. Nyuki, kuvu, nondo, mvuke na jiwe: kila ua lina wadhamini wake, na wadhamini hao hawasafirishwi ndani ya bahasha.

Neno hili la bahasha linatuleta katika historia. Maua yetu yalianza kuingia katika vitabu vya Ulaya kwa mikono ya watu waliokaa pwani kwa kazi nyingine. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza katika Unguja, alikuwa daktari na mpenzi mkubwa wa mimea, naye alipeleka mbegu za Impatiens zilizochanua huko Uingereza, na mwaka 1882 ua hilo likatangazwa kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Unguja, ambaye wakati huo alikuwa Seyyid Barghash bin Said. Baadaye iligunduliwa kwamba ua hilo lilikwisha kupewa jina mwaka 1868, Impatiens walleriana, kwa hiyo jina la Sultani likaachwa, na ua likaendelea kupandwa katika bustani za dunia nzima bila ya watu kukumbuka Unguja. Kirk huyo huyo alipeleka sampuli za urujuani katika bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mwaka 1884, na mwaka 1887 padri W. E. Taylor wa Mombasa, yule aliyekusanya methali za Waswahili na kuzihifadhi tungo za mshairi Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, akapeleka nyingine. Lakini sampuli hizo hazikutosha kuwapa wataalamu hakika.

Aliyefanikiwa ni Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Wajerumani huko Tanga, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa lugha yetu na mwandishi wa kitabu cha kufundishia Kiswahili. Mwaka 1892 aliyaona maua hayo, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na baba akazifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen katika Hannover, ambaye mwaka 1893 aliuita mmea huo Saintpaulia ionantha: neno la kwanza kwa heshima ya baba na mwana, na la pili kwa kufanana kwake na ua la urujuani la Ulaya. Wafanyabiashara wa mbegu hawakuchelewa kuuza, na katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua miche kumi bora, na katika hiyo zikatoka nyingi za aina za bustanini ambazo leo ni maelfu. Waingereza, katika jina walilolipa, wakalinasibisha ua na Afrika nzima, lakini Wajerumani wana haki moja ya kushukuriwa, kwani hadi leo katika lugha yao huliita kwa jina la Usambara.

Hapana budi tuweke karibu na tukio hilo tukio jingine la mwaka ule ule. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya katani kutoka Marekani. Ikafa karibu yote njiani, ikabaki 62 tu, na kwa miche hiyo michache nchi ya Tanga ikageuka kuwa bahari ya mashamba ya katani. Mmea mmoja uliingia na kuibadili ardhi, na mmea mwingine ukatoka na kuipamba nchi ya watu. Si insafu kumhukumu Saint Paul kama mwizi, maana hakuvunja sheria yoyote ya wakati wake, na yule aliyeleta katani kwetu naye alifanya jambo la namna hiyo hiyo. Lakini ni insafu kusema kwamba faida ya ua ilikwenda upande mmoja, na kwamba mataifa yalihitaji miaka 100 kamili, tangu 1892 hadi Mkataba wa Rio wa mwaka 1992, kukubali kwa maandishi kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe vya ardhi yake, na stahiki ya kupata fungu la faida itokanayo navyo.

Nguvu za haki hiyo, hata hivyo, ni kwa mwenye kitu; na kitu chenyewe kinapungua. Sehemu kubwa ya misitu ya kale ya Tao la Mashariki imekwisha kuondoka. Wakoloni walioiona mara ya kwanza walidhani kwamba palipo na miti mikubwa namna ile pana udongo usiochoka, wakafyeka na kupanda kahawa katika Usambara ya Mashariki, na kahawa ikawavunja moyo, kwa kuwa rutuba ya msitu haimo katika udongo bali imo katika majani yanayoanguka, yakaoza na kurudi juu tena. Baada yao likaja shoka la mbao, na hata baada ya uhuru mashine zilikata magogo katika milima hii mpaka ukataji huo ukasimamishwa katika miaka ya 1980. Ukaja pia mti mgeni, Maesopsis eminii, uliopandwa kwa nia njema, ambao hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, ukajaza mapengo yaliyoachwa na ukataji.

Lakini adui asiyeonekana upesi ni yule aingiaye kwa adabu. Iliki hupenda kivuli. Kwa hiyo mkulima hana haja ya kuangusha miti mikubwa, bali hufyeka yaliyo chini yake, akapanda. Atazamaye kutoka barabarani, au hata kutoka angani, huona msitu umesimama na huridhika, ilhali ghorofa ya chini, ambamo ndimo yanamokaa maua tunayoyazungumza, imekwisha kuwa tupu. Na udongo ukichoka baada ya miaka, miti nayo huanguka ili ipandwe migomba. Msitu, basi, waweza kusimama juu na kuwa umekufa chini, na atakayepima uzima wake kwa vilele peke yake atadanganyika.

Hapa hutokea hoja mbili za kupinga, na zote zastahili jawabu. Ya kwanza husema: hasara iko wapi, maadamu ua hili limejaa katika vyungu vya dunia nzima? Jawabu ni kwamba yaliyomo vyunguni ni kizazi cha mbegu na miche michache iliyochaguliwa kwa uzuri, aghalabu katika aina moja, na urujuani wa Uluguru au wa Taita, uliojifunza kustahimili baridi yake au ukame wake, haumo humo. Tena makao hayabebeki. Katika bonde la Kihansi, Udzungwa, alikuwapo chura mdogo aliyeishi kwa manyunyu ya maporomoko tu. Maji yalipoelekezwa katika mitambo ya umeme iliyoanza kazi yake kamili mwaka 2000, manyunyu yalipungua, na ijapokuwa mabomba ya kunyunyiza yalitandazwa badala yake, chura yule alitoweka porini, akasalia katika hifadhi za Marekani alikopelekwa, mpaka alipoanza kurudishwa mwaka 2012 kwa gharama na taabu nyingi. Walimwokoa chura, lakini hakuna aliyeweza kumpelekea ukungu wa Kihansi huko alikokuwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa inatoka kinywani mwa mwenye njaa: ua haliliwi, na mtoto anataka ada ya shule. Ni kweli. Lakini kivuli kile kile kinacholiweka hai ua ndicho kinachonasa ukungu na kuyaachilia maji polepole. Mto Sigi, utokao Usambara ya Mashariki, ndio unaounywesha mji wa Tanga. Na mito ya Uluguru huingia Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Kwa hiyo urujuani ni kama mizani iliyowekwa mlangoni: mahali unapochanua kwenye mwamba, maji yangalipo, mahali ulipokauka, bomba la mjini nalo halitakawia kukauka. Ikiwa ni hivyo, mlima wote hauwezi kuwa mzigo wa mkulima wa iliki peke yake. Ni dhuluma kumwambia mtu wa Amani aache shamba lake bila ya badali, ili mtu wa Tanga afungue mfereji wake kwa raha. Anywaye maji ya mlima sharti achangie riziki ya anayeulinda.

Hatua njema zimekwisha kuchukuliwa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na mwaka 2000 Usambara ya Mashariki ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi za viumbe hai za dunia. Wakulima wa msitu wa Derema walilipwa fidia ya mazao yao ili msitu huo uunganishe sehemu zilizokatika. Na katika vijiji vya huko wako wanaofuga vipepeo kwa biashara, wakapata fedha zaidi kwa msitu uliosimama kuliko kwa uliolala. Wataita wana misitu yao mitakatifu waliyorithishwa na mababu, iitwayo fighi, na Mijikenda wana kaya zao. Nazo zatufundisha kwamba uhifadhi si elimu iliyoletwa na meli.

Kilichosalia ni sisi kuyajua yaliyo yetu. Mtoto wa Muheza, wa Lushoto, wa Morogoro na wa Wundanyi afundishwe shuleni jina na makao ya ua ambalo mtoto wa Hannover analo dirishani. Bustani za miji yetu zilipande, kwa miche iliyopatikana kwa halali na si kwa kung'olewa mwambani. Na kila atakayeagiza msitu upimwe aagize upimwe tangu chini. Nawe msomaji, siku utakayopita njia ya Amani, simama kwenye kijito, uiname, uutazame mwamba. Ukiliona ua hilo, usilichume: limekaa hapo kabla ya majina yote tuliyolipa, na halihitaji kwako ila kuachiwa kivuli chake.